Préfet na Mfuko Mwekundu

Hapa kwetu Kabondo, mjini Kisangani, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Préfet, kwa sababu kwa miaka mingi aliongoza shule ya sekondari, na alipostaafu cheo kilibaki naye. Ukisema dukani kwangu "Préfet amepita," kila mtu alijua ni yule mzee mrefu wa shati jeupe la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni, na mbwa mkubwa wa rangi ya udongo akimfuata nyuma bila kamba.

Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, waulizeni wanaojua mambo hayo. Mimi ninamjua kuanzia mlango wa duka langu, na ni hapo mlangoni nilipomkosea. Mtaani bado wanasema maneno juu yake, maneno mabaya, na sehemu ya maneno hayo ilianza na mkono wangu. Nimechoka kulala nayo peke yangu.

Mimi ni mtu wa Butembo. Nilikuja Kisangani kufuata biashara kama wengi wetu, nikafungua duka la vitu vya nyumbani: mchele, sukari, sabuni, mafuta, maharage, madaftari. Préfet alikuwa mteja wangu wa Jumamosi. Saa tatu asubuhi, si kabla, si baada. Alisimama mbele ya meza, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma kopo la maziwa nyuma na mbele. Alisoma kibiriti. Alisoma karatasi ya sabuni hadi mahali walipoandika kiwanda kiko mji gani. Watu walipanga mstari nyuma yake wakinung'unika, nami nilimtania.

"Préfet, iyo ni maziwa, haiko gazeti."

"Masika, mwenye kuandika alitaka nisome. Kama hakutaka, angeacha bila kuandika."

Alikuwa hivyo katika kila kitu. Vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, walipomwona kwa mbali walikunja kona. Kabla ya kupanda aliinama, akashika breki, akazungusha gurudumu, akauliza mnyororo umepakwa mafuta lini. Breki ikiwa imelegea alitoa pesa ya safari nzima, akampa kijana, kisha akaenda kwa miguu. "Hii ni ya kununua breki," alisema. Sijui kama kuna aliyenunua breki kwa pesa ile, lakini hakuacha kutoa.

Shuleni alikuwa mgumu kupita kiasi, na hilo nalisema wazi kwa sababu wengi wa mtaa huu walipita mikononi mwake. Kwake hamsini kwa mia ilikuwa hamsini. Arobaini na tisa ilikuwa kurudia mwaka. Alimrudisha darasa lile lile mtoto wa mkubwa mmoja wa mkoa, na mkubwa akaja na gari mbili kupiga kelele. Alimrudisha binti yake mwenyewe, huyo huyo mmoja aliyemzaa. Kijana wa Mama Mikate, jirani yangu anayekaanga mikate kando ya barabara, alimrudisha mara mbili, akaishia kuacha shule. Mama Mikate hajamsamehe hadi leo. Akimtaja, anageuza mikate ndani ya mafuta kwa nguvu hadi mafuta yanaruka.

Ila watu husahau upande wa pili. Wale wale aliowarudisha, likizo ikifika, aliwaita kwake bila malipo. Aliweka ubao wa shule chini ya paa la jiko, akafundisha hesabu kuanzia asubuhi, na mke wake akawatwangia lituma ya ndizi, wakala, wakabebeshwa na nyingine ya nyumbani. Kijana wa Mama Mikate alikula lituma ile misimu miwili. Nilimwona kwa macho yangu.

Kwa uchawi alikuwa adui mkubwa. Mwaka mmoja mtoto wa kike wa barabara ya nyuma yetu aliitwa ndoki, yaani mchawi, na watu wa nyumbani kwao, wakamfungia chumbani bila chakula ili aungame. Préfet alibeba kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka mbele ya mlango ule, akakaa. Watu walimwuliza anataka nini. "Nataka preuve," alisema, yaani ushahidi. "Mutoto huyu amemukula nani? Munionyeshe mifupa." Alikaa siku nzima na mbwa wake miguuni, akisoma gazeti kuukuu, hadi mtoto akatolewa. Jumatatu alimshika mkono, akampeleka shule mwenyewe. Nilimsifu sana siku zile, nikamwambia kila mteja kwamba mtaa wetu una bahati.

Kwa tumbo lake mwenyewe alikuwa bahili. Alikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki, viatu alivishona kwa mpira wa baiskeli, shati lilikuwa lile lile. Lakini mbwa alikula chakula cha mfuko kutoka nje ya nchi, zile punje kavu wanazoita kroketi. Watu walicheka. Mama Mikate alikuwa akisema, "Imbwa ya Préfet inakulaka kupita mashemasi." Mbwa mwenyewe aliitwa Théorème, na mtaa mzima ulimwita Teo.

Teo hakuwa wa kununua. Mhandisi mmoja wa kizungu, aliyekuwa kwenye kazi za barabara, alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja. Kazi ilipoisha alimwachia mbwa, nusu mfuko wa kroketi, na karatasi tatu zilizoandikwa namna ya kumtunza. Kwa mtu mwingine karatasi zile zingefunga karanga siku ile ile. Kwa Préfet zilikuwa amana. Zilisema mbwa huyu asipewe fufu, ugali wetu wa muhogo, asipewe mifupa ya kuku, ale kroketi kwa kipimo. Basi alikula kroketi kwa kipimo.

Ni mimi niliyekuwa nikiziagiza. Mdogo wangu yuko Butembo, anapokea bidhaa zinazotoka Uganda, ananitumia kwa lori. Wakati ule wazungu walikuwa bado wengi mjini, nilikuwa na wateja wanne wa chakula cha mbwa. Mfuko ulikuwa mwekundu, una picha ya mbwa mwenye ulimi nje, na nyuma umejaa maandishi ya Kifaransa. Préfet alinunua mfuko wa kwanza mzima ili apate yale maandishi. Alikata kwa mkasi ile sehemu yenye orodha, mbwa wa kilo fulani ale gramu fulani, akaibandika kwenye mlango wa jiko lake. Kila asubuhi na kila jioni alipima chakula cha Teo kwa mizani ndogo ya maabara aliyopewa shuleni alipostaafu. Punje ikizidi aliirudisha. Baada ya mfuko ule wa kwanza, alinunua kwangu kwa kikombe kila Jumamosi, kulingana na uwezo.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu wa soko analijua. Sisi tunapouza kwa kikombe, mfuko husimama wazi mlangoni, na mfuko ule haujazwi mara moja tu. Ukiisha unajazwa tena, na tena, hadi unachanika. Mfuko wenye maandishi ya mchele mzuri kabisa unaweza kuwa na mchele wa Bumba, na kesho mchele wa Isangi, na keshokutwa mchanganyiko. Hakuna anayeona ni udanganyifu. Mteja anachota kwa mkono, anaangalia punje, ananusa, anatafuna moja, halafu anakubali au anakataa. Mfuko ni chombo, kama beseni. Nilikua ndani ya mazoea hayo na sijawahi kumwona mteja akisoma mfuko, isipokuwa mmoja.

Wazungu walipopungua nikabaki na mteja huyo mmoja wa kroketi. Wakati huo huo barabara ya Butembo ikaharibika, malori yakawa yanakaa njiani wiki nyingi, na mambo ya usalama yakaongeza yake. Mdogo wangu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, akanipigia simu. "Ile ya mufuko ya rouge imepanda sana, yaya. Iko ingine, ya mufuko ya mweupe, bei iko nusu. Imbwa haitajua." Nikafikiri kidogo tu. Nikasema atume ile nyeupe, mifuko mitatu.

Nilijiambia ninamsaidia Préfet. Pensheni yake ilikuwa inachelewa, mke wake alikuwa amefariki karibuni, na nikimwambia bei mpya ataacha kununua na atahuzunika. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba bei niliyomtoza ilibaki ile ile ya zamani, na tofauti ilibaki kwangu. Nilifungua mfuko mweupe nyuma ya duka, nikamimina ndani ya mfuko mwekundu uliosimama mlangoni, kama nilivyomimina mchele maisha yangu yote.

Jumamosi ya kwanza alichukua punje moja, akaiweka kwenye kiganja, akaielekeza kwenye mwanga.

"Masika, rangi imebadilika."

"Ni kule usine, ku kiwanda, Préfet. Njo wanabadilishaka."

Aliangalia mfuko. Mfuko ulikuwa ule ule, mbwa yule yule na ulimi wake. Akatikisa kichwa akaridhika. Hiyo ndiyo sentensi moja niliyosema. Mengine yote nilinyamaza tu, lakini ile niliisema kwa mdomo wangu, haraka, bila hata kufikiri, jinsi tunavyomjibu mteja msumbufu.

Akaongeza jambo lililonichoma hata siku ile ile. "Barabara imeharibika na weye haujapandisha bei. Mungu akubariki." Jumapili, baada ya misa, aliwaambia watu nje ya kanisa kwamba kuna wafanyabiashara waaminifu bado, wasiseme wote ni wezi, na akanionyesha kwa kidole. Nilicheka nikaangalia viatu vyangu.

Chakula cha mfuko mweupe hakikuwa sumu. Nilikuja kuuliza baadaye. Kilikuwa pumba za mahindi kwa sehemu kubwa, na mbwa wa ukubwa wa Teo alipaswa kula karibu mara mbili yake ili ashibe. Mtu mwingine yeyote wa Kisangani angemwona mbwa anakonda, akamwongezea. Angemtupia kichwa cha samaki, angemkorogea fufu iliyobaki. Préfet aliangalia orodha kwenye mlango wa jiko, akaweka bakuli kwenye mizani, akapima zile zile gramu za mfuko mwekundu. Punje ikizidi aliirudisha.

Baada ya miezi miwili mbavu za Teo zilionekana. Baada ya mitatu, nyonga. Mbwa aliyekuwa akitembea nyuma ya Préfet kama mlinzi sasa alibaki nyuma, akanusa mifereji, na mara moja alisimama mbele ya sufuria ya Mama Mikate akitetemeka. Mama Mikate alimrushia maji. Préfet aliomba radhi kwa Kifaransa, akamvuta Teo kwa shingo, na uso wake ulikuwa na aibu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Aliita daktari wa mifugo, akampa mbwa dawa ya minyoo. Aliita wa pili. Wa pili alimwuliza mbwa anakula nini, naye akamwonyesha orodha mlangoni na mizani mezani, na yule akasema chakula ni kizuri, kipimo ni kizuri, labda ni uzee. Alikuja kunisimulia haya yote dukani, akiwa amesimama pembeni ya ule mfuko mwekundu, mkono wake juu ya ukingo wake. Nikamwuliza kama anataka na sabuni.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi. Mwanzoni nilijiambia nimalize kwanza hii mifuko mitatu, kisha nirudie ile nzuri, na hakuna atakayejua. Halafu barabara ikafungwa kabisa na ile nzuri haikupatikana kwa bei yoyote. Halafu miezi ilikuwa imekuwa mingi, na kusema kungekuwa na maana ya kueleza kwa nini sikusema mapema. Kila Jumamosi ilikuwa ngumu kuliko iliyopita. Nilikuwa nikimwongezea kikombe kimoja cha bure, nikasema ni matabishi. Alikipeleka nyumbani, na kwa sababu orodha haikusema matabishi, alikiweka akiba.

Hapo sasa ndipo maneno yalipoanza. Mke wake alikuwa mwanamke mkubwa, wa kicheko cha kusikika barabara ya pili, na ugonjwa wa sukari ulimmaliza polepole kwa miaka miwili hadi akawa wa kubebwa na mtu mmoja. Wakati wa matanga watu walilia wakanyamaza. Lakini Teo alipoanza kukonda ndani ya nyumba ile ile, Mama Mikate aliunganisha.

"Bibi alikauka. Imbwa inakauka. Ye mwenyewe hakondi, na anakulaka sombe ya bure, bila samaki. Anakula nini?"

Hakusema neno lenyewe mara ya kwanza. Walisema wengine. Ndoki. Wakaongeza kwamba ndiyo maana alikaa mbele ya mlango wa yule mtoto siku nzima, alikuwa anamtetea mwenzake. Wakaongeza kwamba waliorudia darasa kwake walikuwa wamefungwa akili. Kisima chake, kilichokuwa wazi kwa mtaa mzima bila malipo, wanawake wakakiacha, wakawa wanakwenda mbali na ndoo kichwani wakati wa jua. Likizo ikafika na ubao ukakaa mtupu chini ya paa la jiko. Asubuhi moja nilimwona amesimama karibu na ubao ule na chaki mkononi, akingoja, hadi karibu saa nne. Kisha akafuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Niseme ukweli, nilijaribu mara moja. Ilikuwa siku ya wateja wengi, wanawake sita au saba, Mama Mikate akiwa mbele. Walikuwa wanaongea juu yake, nami nikasema, bila kuinua uso kutoka kwenye maharage, kwamba labda ni chakula tu. Kwamba mimi nilibadilisha chakula cha Teo, nikaweka cha bei ndogo ndani ya mfuko wa zamani.

Walicheka wote. Mama Mikate akapiga mkono mezani.

"Weye Masika! Nani hapa haiweke kitu mu mufuko ya ingine? Unga yangu mie iko mu mufuko ya sukari. Umeisha ona mutu amekonda juu ya mufuko?"

"Imbwa ya Kisangani inakula mavi na inanona," akasema mwingine.

"Anakupatia nini juu umutetee?" akauliza wa tatu, na huyu hakuwa anacheka.

Ningeweza kwenda nyuma ya duka nikaleta mifuko yote miwili, nikaiweka mezani, nikawasomea. Ningeweza kuwaeleza ile orodha na mizani. Sikufanya. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo, na walipokataa kunisikia nilifurahi. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe, nilifurahi.

Préfet hakulalamika kwa mtu. Ila mwezi wa saba alimwita mwanafunzi wake wa zamani, katekista wa Yanonge, ambaye huja mjini kwa mtumbwi wa mashine kununua mahitaji ya parokia. Akamwomba amchukue Teo. Nilikutana nao njiani wakielekea mtoni. Mbwa hakuweza kutembea mwendo wote, na Préfet alikuwa amembeba mikononi, yeye na shati lake jeupe. Alimkabidhi katekista mbwa, bakuli, na zile karatasi tatu za mhandisi. Orodha ya mlango wa jiko alikuwa ameibandua, akampa pia. Mizani alibaki nayo.

Katekista ni mtu wa mtoni, nadhani karatasi zile hakuzifungua. Alimpa Teo vichwa vya samaki, matumbo ya samaki, fufu na mchuzi, chochote kilichobaki. Haikupita hata miezi miwili mbwa akanona. Wasafiri wa Yanonge walileta habari kwamba anakimbia ufukweni, anabwekea mitumbwi, manyoya yanang'aa. Habari ilifika sokoni kabla ya kumfikia Préfet.

"Munaona sasa?" akasema Mama Mikate. "Imetoka kwake, imenona."

Hapo hata waliokuwa wakimtetea walinyamaza. Ilikuwa preuve, ile aliyozoea kuidai. Usiku ule au mwingine mtu alirusha mawe juu ya bati lake. Binti yake, aliye Bunia na mume wake, akasikia kwa simu, akamwambia papa, funga nyumba uje. Akakubali, mtu ambaye hakuwahi kukubali kitu kwa sababu ya maneno ya watu.

Alikuja dukani Jumamosi ya mwisho, saa tatu. Hakusoma chochote. Alinunua sabuni moja ya safari na akaniaga, akasema ataondoka Jumanne asubuhi. Halafu, akiwa tayari amegeuka, akasema jambo ambalo halikuwa la mtu niliyemjua.

"Masika, weye unanijua miaka mingi. Mutu anaweza kuwa na kitu mubaya ndani yake, na ye mwenyewe hajue?"

Nilimwambia hapana, haiwezekani. Alinishukuru akaenda. Siku tatu zile sikula vizuri. Maneno ya mtaa nilikuwa nimeyavumilia, Mungu anisamehe, nikijua kwamba yeye mwenyewe anayacheka moyoni. Sikujua kwamba yalikuwa yameingia nyumbani kwake, yakakaa mezani pamoja naye.

Jumanne asubuhi na mapema, kabla ya kufungua duka, nilichukua mfuko mweupe mtupu kutoka nyuma, nikaukunja chini ya kwapa, nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje ya mlango uliofungwa kwa kufuli, begi moja pembeni, akisubiri pikipiki ya kumpeleka kwenye basi. Alisimama kunisalimia, akanipa kiti, akabaki amesimama yeye. Sikukaa. Nilikunjua mfuko chini mbele ya miguu yake.

"Préfet, hii njo Teo ilikuwa inakula. Haikuwa ile ya rouge. Nilikuwa namimina hii mu ile."

Hakuelewa mara moja. Alivaa miwani, akainama, akasoma. Alisoma mfuko wote, kuanzia juu hadi chini, na niliuona mdomo wake ukitembea alipofika kwenye vipimo. Alihesabu kimoyomoyo. Halafu akainuka polepole, mkono mgongoni.

"Donc ilikuwa inakula nusu."

"Nusu, Préfet."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliniuliza juu ya rangi."

Nilianza kulia. Nikamwambia yote, barabara, bei, mdogo wangu, wanawake dukani, furaha yangu ya siku ile. Nikamwambia nitasimama barabarani niseme kwa sauti, nitashika mifuko yote miwili nipite nyumba kwa nyumba. Nilimaanisha. Aliniacha niseme hadi nikamaliza, kama mwalimu anayemwacha mtoto amalize jibu lake hata kama ni refu.

"Kwa hiyo haikuwa mie," akasema.

"Haikuwa weye, papa. Ni mie."

Uso wake ulilegea. Kwa muda mfupi nilimwona Préfet wa zamani, hata nilidhani atanikaripia, na ningefurahi kukaripiwa. Nilihisi mzigo unanishuka. Nilikuwa nimekuja na kitu kizuri kumbe, kichungu lakini kizuri, nikakileta kabla hajaondoka.

Aliokota mfuko, akaukunja mara mbili, mara nne, akiupangusa vumbi kila upande. Alipomaliza kuukunja hakunirudishia. Aliushika tu.

"Mama alipougua," akasema, na alikuwa anamtaja mke wake, "daktari alinipatia karatasi. Fufu gramu ngapi, ndizi gramu ngapi, mafuta kijiko ngapi. Nilikuwa namupimia na ile balance ya maabara. Asubuhi, midi, mangaribi. Miaka mbili, sikukosea hata siku moja."

Akaugeuza mfuko mikononi.

"Alikuwa ananiambia, 'Papa, niko na njaa.' Namuonyesha karatasi. Anasema tena, 'Papa, niko na njaa kweli.' Namuonyesha karatasi."

Pikipiki ilikuwa imefika langoni. Dereva alishuka, akachukua begi, akalifunga nyuma kwa mpira. Nilimshika Préfet mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Ile ya daktari ilikuwa ya kweli, papa. Haikuwa sawa na hii yangu. Ile ilikuwa ya kweli."

"Utajua namna gani, Masika?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na alisimama akisubiri jibu hata pikipiki ilipowashwa.